Jinsi ya kuchagua hema la kulala mlimani wakati wa masika

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu soko la Memorial, Moshi, kutafuta hema la Kilimanjaro. Kwangu mtumba uliokaguliwa vizuri unalishinda hema jipya la dukani la kwendea ufukweni. Tulikagua hivi.

Hatua ya 1: Umbo. Chukua la kuba, fito zake zipishane, lisimame lenyewe bila vigingi. Kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, ni mawe matupu. Kigingi hakiingii, kamba unazifunga kwenye mawe.

Hatua ya 2: Fito. Alumini. Za faiba upepo ukizishika hupasuka na kutoboa turubai. Sina mjadala hapo.

Hatua ya 3: Turubai la juu. Hapa usiwe na haraka. Kwanza lishuke karibu na ardhi pande zote, maana mvua ya mlimani huja kwa ubavu. Lebo ikisema milimita 1,500 kwa turubai na 3,000 kwa sakafu (kimo cha maji ambacho kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja), inatosha, ila namba hizo ni za siku lilipotoka kiwandani. Kwa mtumba, geuza upande wa ndani, uliguse na ulinuse. Likinata vidoleni na kunuka kama matapishi, utando wake wa kuzuia maji umeoza. Achana nalo, hata kwa bei ya bure. Hakuna dawa ya kupuliza itakayoufufua.

Kisha mishono. Kwaruza kwa ukucha ukingo wa utepe unaoziba mshono. Ukibanduka, unaweza kuutoa wote na kupaka gundi ya mishono, lakini ni kazi ya jioni nzima, kwa hiyo bei ishuke. Turubai la silikoni pande zote mbili huwa halina utepe kabisa, kwa sababu utepe haulishiki. Hilo si kasoro, ila mishono yake inataka gundi ya silikoni, si nyingine.

Mwisho, maji. Matone kuteleza juu hakuthibitishi kitu. Hiyo ni dawa ya nje tu. Bonyeza kitambaa katikati kishike maji, mimina nusu kikombe, weka tishu chini yake, subiri dakika chache. Muuzaji atanuna, mwache anune. Tishu ikilowa, nenda meza ya pili. Rudia kwenye mshono.

Hatua ya 4: Hewa. Tafuta matundu ya juu yanayobaki wazi hata mvua ikinyesha. Wengi hulalamika hema linavuja, kumbe ni pumzi zao zimeganda kwenye turubai usiku na kuwadondokea asubuhi.

Hatua ya 5: Baraza, yaani nafasi iliyofunikwa mbele ya mlango wa hema. Litoshe viatu na begi. Jiko lisiwashwe ndani ya hema, moshi wake usioonekana unaua.

Hatua ya 6: Zipu. Vaa glavu nene, fungua na ufunge zote mara kadhaa. Ikikwama sokoni, Barafu saa sita usiku haitafunguka.