Kuandaa dosye ya zabuni kwa msaada wa akili mnemba: hatua ninazofuata hapa Lubumbashi

Naandika kwa wenye kampuni ndogo za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: washonaji wa nguo za kazi, wenye magari ya kubeba wafanyakazi, wapishi wa kantini, wachomeleaji. Kazi mnaijua. Kinachowatoa kwenye zabuni ni karatasi. Sheria ya sous-traitance (kazi ambazo kampuni kubwa zinazipa kampuni nyingine) ya 2017 imezitengea kazi hizo kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani, lakini sheria haimwandikii mtu dosye, na tarehe ya mwisho haimngoji mtu. Hivi karibuni nimemsaidia mama mmoja wa Kampemba, komuni ya hapa Lubumbashi, mwenye karakana ya kushona, kujibu zabuni ya ovaroli. Njia tuliyopita ndiyo hii.

Ninachoshikilia tangu mwanzo hadi mwisho: IA (akili mnemba) inasoma na inaandika, ila shahidi ni karatasi zako.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi

RCCM (usajili wa biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa), namba ya kodi, attestation fiscale (cheti cha kodi), karatasi za CNSS (hifadhi ya jamii), INPP (mafunzo ya kazi) na ONEM (ofisi ya ajira), na cheti cha ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance, ikiwa kazi ni ya aina hiyo. Zote ziwe hazijapitwa na tarehe. Zipige skani, ziweke kwenye folda moja.

Hatua ya 2: Chagua chombo

Mimi natumia ChatGPT, kwenye kompyuta. Msaidizi aliyemo ndani ya WhatsApp simtaki kwa kazi hii: dosye ndefu inamshinda, na mazungumzo yanachanganyika na salamu za familia. Kila zabuni ifungulie mazungumzo yake. Majibu yenye maana yanakili kwenye Word papo hapo, maana umeme wa SNEL hauagi.

Unaweza kuongea nayo Kiswahili. Tumia sentensi fupi na Kiswahili cha shule. Kile chetu cha mtaani, chenye Kifaransa ndani, mara nyingi inakielewa nusunusu. Maandishi ya mwisho yatoke kwa lugha inayodaiwa na dosye, na hapa kwetu karibu siku zote ni Kifaransa.

Hatua ya 3: Vunja DAO (dosye ya mwito wa zabuni) kuwa jedwali la masharti

Hapa ndipo saa zinapoteketea, na hapa ndipo zabuni nyingi zinapokufa. Naomba msome hatua hii taratibu.

Kabla ya kuipa IA dosye ya mwito wa zabuni, fungua PDF na ujaribu kuchagua sentensi moja kwa mausi. Ikichagulika, ni maandishi. Isipochagulika, ni picha: mtu alichapa, akapiga muhuri, akaskani. IA inaweza kuisoma picha, lakini muhuri ukikaa juu ya tarehe, 18 inageuka 13, na haitakuambia kwamba imebahatisha. Ukurasa wowote wenye muhuri, sahihi au jedwali lililopinda, usome kwa macho yako mwenyewe.

Usiitupie kurasa mia moja kwa mpigo ukaiuliza "wanataka nini?" Itakupa muhtasari mzuri, na muhtasari ndio hatari yenyewe, kwa sababu sharti linalokutoa limejificha kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa katikati. Gawa: kwanza maelekezo kwa wazabuni, kisha data maalumu za zabuni, kisha maelezo ya kiufundi, kisha mfano wa mkataba. Kwa kila fungu naandika hivi:

"Soma kurasa hizi tu. Tengeneza jedwali lenye safu nne: sharti; maneno yenyewe ya dosye kwa Kifaransa bila kubadili hata neno; ukurasa; hati inayothibitisha. Usifupishe. Usiunganishe masharti mawili. Pasiposomeka, andika HAISOMEKI."

Safu ya pili ndiyo roho ya jedwali. Chukua maneno yaliyonakiliwa, yatafute ndani ya PDF kwa Ctrl+F. Yakionekana, sharti lipo kweli. Yasipoonekana, IA imeyatunga au imeyapindisha. Kwenye PDF ya picha Ctrl+F haifanyi kazi, kwa hiyo nenda kwenye ukurasa wenyewe na kidole. Inachosha, najua. Fanya kila mstari.

Jedwali likiisha, lirudishe pamoja na fungu lilelile na uulize: "Ni maneno gani ya lazima, kama doit, obligatoire, sous peine de rejet, ambayo hayamo kwenye jedwali?" Mara nyingi itaongeza kitu ambacho mwanzo ilikiruka.

Angalia sana mahali ambapo masharti mawili yanategemeana kutoka kurasa tofauti. Kwenye dosye zinazofuata mfano wa Benki ya Dunia, dhamana ya zabuni inatakiwa ibaki hai siku 28 baada ya muda wa uhalali wa ofa kwisha. Ofa ikiwa na uhalali wa siku 90, dhamana ya benki inataka siku 118. IA inaona "siku 90" ukurasa mmoja na "siku 28" ukurasa mwingine, kisha inakuandikia barua ya kuomba dhamana ya siku 90. Benki itatoa ulichoomba, na kamati itakutoa. Kwa hiyo tarehe zote na siku zote ziandike kwenye karatasi moja na uzihesabu mwenyewe kwa kalenda.

Jambo la mwisho hapa: marekebisho. Mwandaaji wa zabuni akituma barua ya kusogeza tarehe au kubadili kiasi, usiiongeze tu kwenye mazungumzo ya zamani ukadhani IA imesahihisha jedwali zima. Iambie itaje kila mstari unaobadilika, kisha rekebisha jedwali kwa mkono wako.

Hatua ya 4: Andika ukurasa wa ukweli

Kabla ya kuomba aya hata moja, andika kwa Kiswahili mambo ya kampuni yako. Mama wa Kampemba alisema akiwa amekaa, nami nikaandika: mashine sita za kushona, mbili za overloki, washonaji wanane, ovaroli arobaini kwa siku, kitambaa kinapita mpaka wa Kasumbalesa, wateja waliopita na fakture zao.

Halafu weka amri hii juu kabisa: "Tumia ukweli ulio hapa tu. Kinachokosekana, andika HAIPO." Bila amri hiyo, IA itakupamba. Itakupa cheti cha ubora cha ISO 9001 usichokuwa nacho, itakupa uzoefu wa miaka mingi na mkataba na mgodi ambao hujawahi kuvuka geti lake. Kwenye zabuni, uongo kama huo unaweza kukufungia mlango wa zabuni zijazo, na sahihi iliyo chini ya ukurasa ni yako, si ya mashine.

Kuna kosa jingine linalotuhusu sisi zaidi. Kifaransa kingi ilichojifunza ni cha Ufaransa. Ukiiomba orodha ya hati za kampuni, itakutajia Kbis, SIRET na URSSAF, ambazo ni za Ufaransa, na kwenye bei itaweka TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20. Huku kwetu ni RCCM, Id. Nat. na CNSS, na TVA ni asilimia 16. Iandikie tangu mstari wa kwanza: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jimbo la Haut-Katanga, sheria za OHADA (sheria za biashara ambazo nchi yetu inashiriki na nchi nyingine za Afrika). Hata hivyo, kagua.

Hatua ya 5: Ofa ya kiufundi, kifungu kwa kifungu

Ipe IA jedwali, ipe ukurasa wa ukweli, omba jibu la sharti moja. Ukimaliza, la pili. Fuata mpangilio uleule wa vichwa na namba za DAO, ili mjumbe wa kamati apate jibu mahali anapolitafuta.

Futa kila sentensi ambayo kampuni nyingine yoyote ingeweza kuiandika. IA ilituandikia kwamba karakana ni "kiongozi wa sekta, aliyejitolea kwa ubora usio na kifani". Tukafuta. Tukaweka: washonaji wanane, ovaroli arobaini kwa siku, kwa hiyo ovaroli 600 ziko tayari kwa siku 15 za kazi tangu kitambaa kufika; kila bunda linakaguliwa mishono na ukanda unaoakisi mwanga kabla ya kufungwa. Mtu wa manunuzi anaweza kulihesabu jibu hilo na akalikubali.

Hatua ya 6: Bei

Bei haziingii kwenye IA. Tumia Excel. Kwanza ni siri yako. Pili, IA inaweza kukosea kujumlisha huku ikionekana ina uhakika kabisa. Angalia alama za namba: mtindo wa 1.250,00 na mtindo wa 1,250.00 visichanganyike kwenye jedwali moja. Kiasi cha maneno kikitofautiana na cha tarakimu, dosye nyingi zinasema maneno ndiyo yanayohesabika. Na bei ya kimoja ikipingana na jumla, bei ya kimoja ndiyo inayofuatwa. Soma kwa sauti kiasi ulichoandika kwa maneno.

Hatua ya 7: Igeuze IA kuwa kamati

Fungua mazungumzo mapya kabisa, yasiyojua chochote. Weka jedwali la masharti na ofa yako bila bei, useme: "Wewe ni mjumbe wa kamati unayetafuta sababu ya kuitoa ofa hii. Kila sababu itaje sharti na ukurasa." Kwa ofa ya ovaroli ilitaja kwamba barua ya mamlaka ya kusaini haikuwemo. Ilikuwa kweli, na bado tulikuwa na muda wa kuiandika.

Hatua ya 8: Chapa na upeleke

Chapa siku moja kabla. Weka herufi za kifupi za jina lako kila ukurasa, tenga ya asili na nakala, bahasha ya kiufundi na ya bei kama dosye inavyotaka. Ofa iliyochelewa inarudishwa bila kufunguliwa, kwa hiyo kama unatoka Lubumbashi kwenda Kolwezi, ondoka alfajiri au ulale kulekule. Ukikabidhi, usiondoke dirishani bila risiti yenye tarehe, saa na muhuri.