Jinsi ya kutengeneza filamu fupi ya kufichua sumu katika plastiki za nyumbani

Mwongozo huu umetokana na maswali ya binti mmoja niliyemsaidia kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu plastiki za nyumbani. Alikuja na simu nzuri, ari tele na orodha ndefu ya kemikali alizotaka kuziumbua zote kwa mpigo. Nilimjibu kwa jumbe za sauti hadi nikaona heri niyaandike. Kushika kamera na kufungua programu ya kuhariri sitafundisha, hayo yameshaelezwa vya kutosha. Nitakaa sana kwenye hatua ya 4, maana hapo ndipo filamu nyingi za aina hii hufia.

Hatua ya 1: Chagua kitu kimoja

Usitengeneze filamu kuhusu "plastiki". Chagua pazia la bafuni, au zulia la plastiki, au mwanasesere laini, au mpira wa kumwagilia bustani. Kiwe kitu ambacho mtazamaji anacho nyumbani na anaweza kwenda kukishika filamu ikiendelea.

Mimi huwashauri wanaoanza wachukue kitu cha PVC (polivinili kloridi), kwa kuwa habari zake zinajipanga zenyewe mbele ya kamera. PVC tupu, kabla haijachanganywa na chochote, ni klorini kwa asilimia 57 hivi ya uzito wake. Kwa asili ni ngumu. Ili iwe laini kama pazia hutiwa vilainishi, na vilivyotumika zaidi kwa miaka mingi ni fthaleti. Ili isiharibike kwa joto na jua hutiwa viimarishi, ambavyo kwa muda mrefu vilikuwa na metali kama risasi au kadimia. Ikichomwa, hutoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma mapafu, na moshi wake unaweza kubeba dioksini, kemikali zenye sumu kali. Kila sentensi hapo juu ni onyesho.

Hatua ya 2: Andika dai lako kwa sentensi moja

Kabla ya kurekodi chochote. Sentensi moja kwenye karatasi, ubandike ukutani.

Kuna madai manne yanayofanana sana, na watu huyachanganya bila kujijua. La kwanza: kemikali imo ndani ya kitu. La pili: inatoka kwenye kitu hicho. La tatu: inaingia mwilini. La nne: inadhuru kwa kiwango hicho. Kila moja lina ushahidi wake, na ushahidi wa moja haukopeshi jingine. Chukua BPA, kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ngumu ya polikaboneti. Marekani ilipopima mikojo ya watu zaidi ya 2,500 mwaka 2003 na 2004, ilionekana kwa asilimia 93 hivi. Huo ni ushahidi wa dai la tatu, na ni mzito. Lakini hauthibitishi la nne, wala hauelezi kama ilitoka kwenye chupa fulani iliyoko kabatini kwako.

Msanii mwenye bajeti ndogo ataweza kuthibitisha dai la kwanza kwa mkono wake mwenyewe, labda na la pili. La tatu na la nne waachie wanasayansi waliokwisha kuyafanyia kazi, uwahoji. Hakuna aibu katika hilo.

Hatua ya 3: Vifaa

Simu inatosha. Pesa yote iliyobaki nunua maikrofoni ya kubana kifuani. Mtazamaji huvumilia picha mbaya, sauti mbaya havumilii. Ukirekodi jikoni, zima friji, kisha weka funguo zako ndani ya friji hiyo ili usiondoke bila kuiwasha. Rekodi pia dakika moja ya ukimya wa kila chumba, mhariri atakushukuru.

Hatua ya 4: Sampuli na maabara

Hapa tutulie.

Anza na jaribio dogo linalopendeza kwa picha. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha, kitumbukize kwenye bilauri ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo (bila sabuni, kipande chepesi kinaweza kunasa juu ya uso wa maji au kushikwa na viputo), kisukume chini kwa kijiti, achia. Rekodi kutoka ubavuni, nyuma ya bilauri weka kitambaa cheusi. Polithini na polipropilini zitapanda juu. PVC itazama na kutulia chini. Ni picha safi, isiyohitaji maneno. Ila usiseme "imezama, kwa hiyo ni PVC". Plastiki ya chupa za soda huzama pia, na polistireni ngumu vilevile. Jaribio hili linaondoa washukiwa, halimkamati mhalifu. Tazama pia namba iliyo ndani ya pembetatu iliyopigwa kwenye plastiki: 3 ni PVC. Lakini vitu vingi vya nyumbani havina namba yoyote.

Kuna jaribio jingine la waya wa shaba uliopashwa moto, unaogusishwa kwenye plastiki kisha kurudishwa motoni: mwali ukigeuka kijani, kuna klorini au jamaa zake. Picha yake inavutia mno na ndiyo maana naikataza. Ukiifanyia nyumbani unavuta moshi uleule unaoulalamikia, na kuna mtoto atakayekuiga. Kama unautaka mwali ule, mwombe mtaalamu aufanye maabara, chini ya kifaa cha kuvuta hewa, nawe urekodi.

Sasa maabara yenyewe. Kitu cha kujua kabla ya kulipa ni kwamba "kupima sumu" si kipimo kimoja. Kifaa cha mionzi ya eksirei, kile kinachofanana na bunduki, hutambua elementi: klorini, risasi, kadimia, bromini. Ni cha haraka na hakiharibu kitu. Lakini hakioni fthaleti, kwa sababu fthaleti ni kaboni, haidrojeni na oksijeni tu. Ili kuziona, kipande lazima kilowekwe kwenye kiyeyusho, kisha kipitishwe kwenye mashine ya kutenganisha kemikali moja moja na kuzitambua kwa uzito wa molekuli zake. Ni kipimo cha bei kubwa zaidi na huchukua muda. Waulize pia: mnanipimia kiasi kilichomo, au kiasi kinachotoka? Rudi kwenye karatasi iliyo ukutani. Kama dai lako ni la pili na umelipia kipimo cha la kwanza, umenunua jibu la swali ambalo hukuuliza.

Namna ya kuchukua sampuli ndiyo inayokula watu saa na siku. Fthaleti ziko kila mahali. Ukiweka kipande chako kwenye mfuko wa plastiki, ukakishika kwa glavu za vinyl (nazo ni PVC), ukakikatia juu ya ubao wa plastiki, majibu yatakuja na fthaleti na hutajua ni za nani. Kwa hiyo: makasi ya chuma yaliyosafishwa, karatasi ya alumini safi, kisha chupa ya kioo yenye kifuniko kisicho na mpira ndani. Glavu ziwe za nitrili, na hata hizo usiziache ziguse sehemu itakayopimwa. Tia ndani ya furushi lako sampuli tupu: chupa ileile, alumini ileile, mikono ileile, bila plastiki ndani. Ikirudi na fthaleti, tatizo ni mikono yako, si pazia. Wengi huiruka sampuli hii ili wapunguze gharama. Afadhali upunguze siku za kurekodi.

Nunua vitu vitatu vya aina moja vyenye namba moja ya toleo. Kimoja cha kupimwa, kimoja cha kuonyesha kwenye filamu, na cha tatu hakifunguliwi kabisa. Kibaki na muhuri wake wa dukani, kwenye boksi, pamoja na risiti. Rekodi kwa picha moja isiyokatwa kuanzia kukata sampuli hadi kufunga chupa na kuandika namba juu yake, namba isomeke. Picha hiyo inachosha. Sekunde zake chache tu ndizo zitaingia kwenye filamu. Iliyobaki ni ya siku mwanasheria wa kampuni atakapouliza: "Tutajuaje kwamba hicho ni kitu chetu?"

Majibu yakija, soma vipimo polepole. Ppm moja, yaani sehemu moja katika milioni, ni miligramu moja kwa kilo. Asilimia 0.1 ni ppm 1,000. Mtu akisoma haraka anaongeza sifuri, na filamu nzima inaanguka kwa sifuri hiyo. "Haikuonekana" si sawa na "haimo". Maana yake iko chini ya kiwango ambacho mashine yao inaweza kuona, na kiwango hicho lazima kiandikwe kwenye ripoti. Vilevile ripoti nyingi husema majibu yanahusu sampuli iliyopimwa tu. Basi nawe sema "pazia tulilolipima", usiseme "mapazia yao". Nyingine hukataza kunakiliwa nusunusu, kwa hiyo omba ruhusa ya maandishi kabla ya kuonyesha ukurasa mmoja kwenye skrini.

Halafu mambo ya sheria. Jumuiya ya Ulaya iliweka mwaka 2005 kikomo cha asilimia 0.1 kwa fthaleti tatu, DEHP, DBP na BBP, kwenye vitu vya kuchezea watoto, na Marekani ikafuata na sheria yake mwaka 2008. Kikomo cha vitu vya kuchezea hakihusu pazia moja kwa moja. Ulaya yenyewe ililazimika kuongeza sheria nyingine, iliyoanza Julai 2020, ili kikomo hicho kifikie bidhaa nyingi nyingine za matumizi ya kawaida. Kabla hujasema "imevuka kikomo", taja kikomo cha nani na cha bidhaa gani. Kama hakuna kinachoihusu bidhaa yako, pengo hilo ndilo habari yenyewe, na huenda ni filamu bora kuliko ile uliyoipanga.

Hatua ya 5: Fuata kitu hadi kiwandani

Pazia halianzii dukani. PVC hutengenezwa kwa gesi ya vinili kloridi. Mwaka 1974 ilitangazwa kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha Louisville, Kentucky, walikuwa wamepata saratani ya ini iliyo nadra sana, angiosakoma, na Marekani ikashusha kikomo cha gesi hiyo kazini kutoka ppm 500 hadi 1. Kule Porto Marghera, Italia, ng'ambo ya maji kutoka Venezia, mfanyakazi Gabriele Bortolozzo alikusanya mwenyewe kumbukumbu za wenzake waliougua na kufa, akampelekea mwendesha mashtaka Felice Casson. Kesi iliyozaliwa na kazi hiyo iliisha kwa washtakiwa kuachiwa mwaka 2001, kisha rufaa ya mwaka 2004 ikawatia hatiani baadhi yao. Mwezi Februari 2023 treni iliyobeba gesi hiyohiyo ilianguka East Palestine, Ohio, na mabehewa matano yakachomwa kwa makusudi kwa hofu yasije yakalipuka.

Mafaili ya kesi na ripoti za ajali ni hazina. Tumia muda mwingi humo kuliko kwenye mitandao ya kijamii.

Hatua ya 6: Mahojiano

Ridhaa ya maandishi, na mtu aelezwe kwamba video ikishasambaa hairudi. Mgonjwa asisukumwe kusema ugonjwa wake umesababishwa na plastiki. Muulize alifanya kazi gani, aliona nini, alinusa nini, aliambiwa nini na msimamizi wake. Watoto nisingewahoji kabisa.

Hatua ya 7: Mwandikie mtengenezaji

Barua yenye maswali mahususi, majibu ya maabara yakiambatishwa, na siku kumi za kazi za kujibu. Wakijibu, jibu liingie kwenye filamu hata kama linakuudhi. Wasipojibu, onyesha tarehe ya barua. Sipendi kabisa ule mtindo wa kumvizia msemaji mlangoni na kamera. Unampa nafasi ya kuonekana yeye ndiye aliyeonewa.

Hatua ya 8: Kuhariri

Mkato nao ni dai. Ukionyesha mjane wa mfanyakazi wa kiwanda akilia, halafu papo hapo mtoto akitafuna mwanasesere, umesema kwamba mwanasesere ataleta saratani ile ya ini. Hukutamka, lakini umesema. Mfanyakazi alivuta gesi ya vinili kloridi. Mtoto yuko na plastiki iliyokamilika, ambayo hofu yake ni vilainishi na metali. Ni hatari mbili kutoka chanzo kimoja. Zitenganishe kwa sentensi, au kwa sura nzima.

Tafadhali, muziki wa piano ya huzuni acha. Na kasa aliyenaswa kwenye mfuko pia. Tumeshamwona.

Dakika kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha. Weka manukuu ya maandishi, wengi watatazama bila sauti.

Hatua ya 9: Kuionyesha

Watu watauliza wafanye nini na pazia walilonalo. Uwe na jibu kabla taa hazijawashwa, na jibu lisiwe kulitupa wala kulichoma. Ombi langu kwa watazamaji huwa moja tu: waende dukani na kuuliza kwa maandishi bidhaa imetengenezwa kwa plastiki gani na kilainishi gani. Swali hilo likifika mara nyingi, anayelinunulia duka bidhaa hulipeleka kwa msambazaji. Jihadhari na lebo ya "haina BPA" mtu akikuletea kama ushindi. Baadhi ya watengenezaji waliiondoa wakaweka BPS, jamaa yake wa karibu.

Tunza faili ghafi, ripoti kamili, nakala ya barua na kile kitu cha tatu kisichofunguliwa. Nakala mbili za faili, sehemu mbili tofauti. Barua za wanasheria huja filamu ikishapata watazamaji, si kabla, na zikija hujibiwa kwa boksi lile.