Mwanakijiji wa Minecraft asalimie "Mwangaluka": kutengeneza pakiti ya sauti hatua kwa hatua

Mwanakijiji wa Minecraft, lile gemu la kompyuta na simu, haongei, anaguna. Ukipita karibu yake anaguna, ukimuuzia ngano anaguna, ukimpiga anaguna. Watoto wetu hapa Tabora wanakaa na hao wanakijiji jioni nzima, na mimi naona wanastahili kuwasikia wakisalimia "Mwangaluka", salamu ya Kinyamwezi, kama wazee wanavyosalimia mtaani. Kazi yenyewe, kutengeneza pakiti ya mafaili yanayobadilisha sauti za gemu, haihitaji ujue kuandika programu. Inahitaji utulivu, na sikio.

Mwongozo huu ni wa Minecraft Java Edition, ile ya kompyuta. Bedrock, ambayo wengi wanayo kwenye simu, inapanga mafaili yake kwa namna nyingine kabisa. Nimeuandika baada ya kumsaidia kijana mmoja wa Isevya. Alikuwa na sauti nzuri sana za bibi yake, amezipanga vizuri kwenye folda, lakini gemu likawa kimya kabisa.

Hatua ya 1: Chagua nani aseme nini

Kila sauti ndani ya gemu ina jina la tukio lake. Kwa mwanakijiji, haya ndiyo utakayoyatumia:

- entity.villager.ambient: yuko zake tu, anatembea au amesimama
- entity.villager.trade: mnapofanya biashara
- entity.villager.yes na entity.villager.no: kukubali na kukataa
- entity.villager.hurt: amepigwa
- entity.villager.death: amekufa

Anza na ambient, yes na no. Hiyo ya kufa usimrekodi mzee wa mtu. Iache ile ya gemu. Hata ya kupigwa mimi huwapa vijana, maana bibi asikie sauti yake mwenyewe ikilia kila mtoto anapomchapa mwanakijiji kwa upanga, hapana, si heshima.

Hatua ya 2: Rekodi

Omba ruhusa kwanza, na mweleze mwenye sauti kwamba itasambaa. Kama ni mtoto, ongea na mzazi wake.

Rekodi ndani, chumbani, penye godoro na nguo nyingi zinazoning'inia. Watu hupenda kukaa chini ya mwembe kwa sababu kuna kivuli, lakini simu inanasa ndege, majani, kuku na bodaboda vyote kwa pamoja. Mvua ikianza kugonga bati, pumzika. Simu ikae pembeni kidogo ya mdomo, kama shibiri moja hivi, pumzi isiipige moja kwa moja.

Sentensi ziwe fupi. "Mwangaluka!" inatosha. "Eeh, sawa." "Aa, bei hiyo hapana." Sekunde 2 zikizidi, wanakijiji watano wakikusanyika kisimani utasikia fujo. Kumbuka pia gemu lenyewe hupandisha na kushusha sauti kidogo (wembamba na uzito wake, si ukubwa) kila linapoicheza, na kwa mwanakijiji mtoto huipandisha sana. Kwa hiyo sauti nzito na iliyotulia ndiyo inayofaa. Sauti nyembamba ikipandishwa inageuka mluzi.

Mwambie aseme neno moja mara kadhaa, kila mara kwa hali tofauti. Utachagua baadaye.

Hatua ya 3: Geuza ziwe Ogg Vorbis, mono

Hapa soma polepole. Hapa ndipo kijana wangu wa Isevya alipokwama, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kufuta kila kitu.

Minecraft inasoma sauti za aina moja tu: Vorbis iliyofungwa kwenye faili la .ogg. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus. Sasa tatizo ni kwamba Opus nayo inaweza kukaa ndani ya faili linaloishia na .ogg. Ukipakua ujumbe wa sauti kupitia WhatsApp ya kompyuta, linakuja faili la .ogg, unaliona, unafurahi, unalitia kwenye folda, na gemu halitoi hata mguno. Wengine faili lao linaishia na .opus au .m4a, wanalibadilisha jina tu liwe .ogg. Kubandika karatasi ya asali kwenye chupa ya mafuta ya alizeti hakuyafanyi yawe asali. Lazima faili ligeuzwe lenyewe, si jina lake.

La pili ni mono, yaani sauti ya njia moja, si stereo yenye njia mbili za kulia na kushoto. Faili la stereo linacheza, ndiyo, na kwa sababu linacheza mtu anadhani yuko salama. Lakini gemu haliwezi kuliweka mahali pake duniani. Sauti ya kawaida ya mwanakijiji hufifia kadiri unavyosogea mbali, mpaka inapotea kwenye umbali wa bloku 16 (bloku ni vile vipande vinavyojenga dunia ya gemu). Ikiwa stereo haififii: aliye bloku 14 nyuma ya ukuta anasikika kama amekaa begani kwako, na hujui yuko kulia au kushoto. Salamu inapoteza maana yote kama hujui aliyekusalimia yuko wapi. Kwa hiyo mono, kila faili, bila kuacha hata moja.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Kwanza nageuza rekodi kuwa WAV kwa ffmpeg, programu ya kugeuza sauti inayoendeshwa kwa kuandika amri:

```
ffmpeg -i bibi.opus bibi.wav
```

Halafu nafungua WAV kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nakata kila neno peke yake, naondoa ukimya wote wa mwanzo ili salamu isichelewe, na naweka sauti zote ziwe na nguvu sawa kwa Normalize kwenye -3 dB. Noise Reduction natumia kidogo sana. Ukiizidisha, mzee anasikika kama anaongea ndani ya pipa. Kila kipande nakitoa kama WAV, kisha naingia kwenye folda hiyo kwa Command Prompt (dirisha la amri la Windows) na kugeuza vyote kwa mpigo:

```
for %i in (*.wav) do ffmpeg -i "%i" -ac 1 -ar 44100 -c:a libvorbis -q:a 4 "%~ni.ogg"
```

Hapo -ac 1 ndiyo mono, na libvorbis ndiyo Vorbis. Hivyo viwili ndivyo roho ya mstari wote.

Zile tovuti za kugeuza sauti bure sizipendi. Zinakula bando kupakia na kupakua, nyingi hazikuambii zimekupa Vorbis au Opus, na sauti ya bibi yako inabaki kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. ffmpeg ni bure, ukishaipakua haihitaji intaneti tena.

Kabla ya kuendelea, hakiki:

```
ffprobe mwangaluka1.ogg
```

Tafuta mstari wenye neno Audio. Usome hivi: vorbis, 44100 Hz, mono. Ukiona opus au stereo, rudi nyuma. Usiendelee ukitumaini itakubali tu.

Na kama una nafasi, achana na WhatsApp tangu mwanzo. Inabana sauti sana. Rekodi kwa programu ya kurekodi ya simu, hamisha kwa waya, kisha fuata hatua zilezile.

Hatua ya 4: Panga folda

```
SautiZaTabora/
  pack.mcmeta
  assets/
    minecraft/
      sounds.json
    tabora/
      sounds/
        bibi/
          mwangaluka1.ogg
          mwangaluka2.ogg
```

Majina yote ndani ya assets yawe herufi ndogo, bila nafasi. Ndani ya pack.mcmeta andika:

```
{ "pack": { "pack_format": 34, "description": "Sauti za Tabora" } }
```

Namba 34 ni ya toleo la 1.21 na 1.21.1. Toleo la 1.20.1 ni 15. Kwa jingine la kabla ya 1.21.9, fungua jar (faili kuu la gemu) la toleo lako kwa programu ya zip na usome namba ya resource kwenye pack_version ndani ya version.json. Hakikisha Notepad haijakuongezea .txt mwishoni mwa jina.

Hatua ya 5: sounds.json

```
{
  "entity.villager.ambient": {
    "replace": true,
    "sounds": [
      "tabora:bibi/mwangaluka1",
      "tabora:bibi/mwangaluka2"
    ]
  }
}
```

Usiandike .ogg wala neno sounds kwenye njia ya faili. Ukiondoa mstari wa replace, sauti zako zitachanganyika na miguno ya zamani. Wapo wanaopenda hivyo. Mimi naona kijiji kiwe kijiji: aliyeanza kusalimia asirudi kuguna.

Matukio mengine yaongeze kwa mtindo huohuo, ukitenganisha kwa mkato.

Hatua ya 6: Jaribu

Weka folda nzima kwenye .minecraft/resourcepacks, kisha Options, Resource Packs, iwashe. Ingia kwenye dunia yenye ruhusa ya amri na uandike:

```
/playsound minecraft:entity.villager.ambient neutral @s
```

Ikisikika, nenda kijijini ukasimame. Isiposikika, angalia kwanza kama Friendly Creatures haijashushwa kwenye mpangilio wa sauti, halafu fungua logs/latest.log utafute jina la faili lako. Gemu huandika humo faili lisilopatikana au lililokataa kusomeka. Ukirekebisha kitu, bonyeza F3 na T pamoja. Huna haja ya kufunga gemu.

Ukitaka kuwapa wengine, ingia ndani ya SautiZaTabora, chagua pack.mcmeta na assets, ndipo uzifanye zip. Ukiizipu folda ya nje, gemu la mwenzako halitaiona. Kila neno la sekunde 2 ni kama kilobaiti 20, kwa hiyo pakiti yenye maneno 12 haifiki megabaiti moja na inapita kwa Bluetooth bila kugusa bando la mtu.