Starehe ndogo kwa anayeuguza nyumbani

Namuuguza mama yangu hapa Tanga tangu alipopata kiharusi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, ili asipate vidonda vya kulala. Muda wa katikati usiumalize wote kwa kufua mashuka. Chukua kipande chake kiwe chako.

Muuza kahawa akipita jioni akigonganisha vikombe, mwite. Simu iache ndani. Kaa barazani, tafuna kashata polepole, kahawa inywe chungu. Jirani akiuliza hali ya mgonjwa, mjibu kwa kifupi, kisha ongeeni bei ya samaki. (Mgonjwa wa kiharusi usimwonjeshe mpaka mtaalamu apime anavyomeza, kinywaji kinaweza kumpalia.)

Asmini nazichuma magharibi zikiwa bado vitumba. Nanyunyizia maji kidogo na kuziweka kwenye kisahani karibu na mto. Hufunguka usiku, na ninapoamka kumgeuza mama, chumba kinanukia maua badala ya dawa. Yeye huvuta pumzi ndefu na kufumba macho. Raha hiyo ni yetu sote wawili.

Ndugu waombe jambo mahsusi: “Wifi, nikalie na mama Alhamisi, alasiri mpaka magharibi.” Ukisema “nisaidieni” tu, kila mmoja atamsubiri mwenzake. Saa hizo mimi huoga bila haraka, najipaka mafuta ya nazi, nalala. Usingizi nao ni starehe, tena kwangu ndiyo ya kwanza.