Lipe jua mgongo ulione

Jua lilipopatwa na mwezi likabaki pete kule Rujewa, Mbeya, 1 Septemba 2016, wanangu waliliona bila miwani wala kulitazama, kwa njia hii. Chukua kipande cha boksi, toboa tundu dogo kwa sindano. Lipe jua mgongo, nuru ipite tunduni iangukie karatasi nyeupe. Karatasi ikiwa mita moja nyuma ya tundu, taswira huwa na upana wa milimita 9 hivi. Isogeze mbali ikue, ingawa itafifia. Usichungulie tunduni kamwe! Filamu ya eksirei, kioo chenye masizi, beseni la maji, vyote viache: jicho huungua ndani bila maumivu. Chini ya mwembe, mianya ya majani ilitandaza pete ndogondogo mchangani. Binti yangu alizikanyaga kwa heshima. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena, kwetu sehemu tu. Boksi ninalo.