Mwasumini wa chunguni: kata, nao utakupa maua

Wengi wanaonionyesha miasumini yao hulalamikia jambo moja: majani tele, ua hakuna. Nikiutazama mti, mara nyingi naona haujawahi kuguswa na mkasi. Asumini huchanua kwenye chipukizi jipya. Ukiuonea huruma usiukate, ndipo unapolikosa ua.

1. Kipandikizi. Masika yakianza, kata kijiti cha shubiri moja chenye vifundo vitatu au zaidi, kisiwe kichanga mno wala kikongwe. Ng'oa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Usikivute kukikagua.

2. Chungu na udongo. Hata ndoo kuukuu yafaa, bora itobolewe chini. Changanya kinongo (udongo mwekundu), mchanga kidogo na samadi iliyooza vizuri. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Ndugu zangu wa uwandani huku Unguja, Paje, Jambiani na Makunduchi, nawasisitizia chungu kuliko shimo: ardhi ya matumbawe ina chokaa nyingi, na chokaa huunyima mti madini ya chuma. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Jivu nalo huzidisha tatizo hilo, kwa hiyo lisimwagwe hapo. Kisima chako kikiwa na maji ya chumvichumvi, kinga ya mvua.

3. Jua. Saa sita kwa siku, zisipungue sana. Nyua za Mji Mkongwe zimebanwa na kuta ndefu. Pandisha chungu darini au kwenye roshani inayopata jua la asubuhi.

4. Maji. Tia kidole, udongo wa juu ukiwa mkavu, mwagilia. Wakati wa kaskazi huenda ikawa kila siku, kipupwe punguza.

5. Kukata. Hapa ndipo penyewe. Maua ya mkupuo mmoja yakiisha, chukua mkasi mkali, kila tawi lipunguze theluthi, ukate juu kidogo ya jozi ya majani. Vijiti vikavu viondoe kabisa mpaka shinani. Kisha tandaza samadi juu ya udongo na umwagilie. Machipukizi yatatoka pembeni mwa ulipokata, na vitumba vitakaa nchani mwake. Urea usiiendekeze, hunenepesha majani tu.

6. Wadudu. Ukiona unga mweupe kwenye vifundo, ni vidung'ata. Pangusa kwa kitambaa na maji ya sabuni, jua likishapungua.

7. Kuchuma. Chuma alasiri, vitumba vilivyokwisha kuwa vyeupe na kuvimba. Vya kijani havitafunguka. Vifunike kwa kitambaa kibichi mpaka magharibi, ndipo uvitunge au uvichanganye na mrehani kwa kikuba, kile kishada cha kunukia. Vitafunguka usiku huohuo. Vilivyobaki mtini huchanua na kudondoka kesho yake, kwa hiyo usivibakishe kwa kuogopa kuuchosha mti.