Chembe nano za fedha kwa majani ya mwarobaini

Sodiamu borohaidraidi, kemikali ya kugeuza nitrati ya fedha kuwa chembe nano (vipande vidogo mno vya metali ya fedha), ya nini, na mwarobaini umejaa uani mwa maabara? Osha gramu 10 za majani mabichi, katakata, chemsha dakika 15 kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, poza, chuja.

Yeyusha gramu 0.017 za nitrati ya fedha kwenye mililita 100 za maji hayohayo yaliyokenekwa. Ya bomba yana kloridi: ukiona wingu jeupe, ujue fedha yako imeshapotea. Vaa glavu, la sivyo vidole vitapiga weusi usiosikia sabuni.

Chukua mililita 90 za nitrati, tia 10 za maji ya majani, funika kwa foili, koroga taratibu. Itaanza manjano hafifu, ije kahawia kama chai ya rangi iliyokolea. Mimi rangi pekee hainitoshi. Natafuta kilele cha ufyonzaji wa mwanga karibu na nanomita 420 kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa.

Ukipima dhidi ya bakteria kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria), weka pia maji ya majani matupu na nitrati peke yake. Wengi huruka hapo, wakazipa chembe nano sifa za mwarobaini. Mabaki usimwage sinki, fedha inadhuru viumbe wa majini. Yatie kwenye chupa ya taka za metali.